Mbele ni Wapi

Musoma Mjini
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Dorotea,

Karatasi iliyoharibu ghala ni mwandiko wangu. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama mdogo ninayelala naye chumba kimoja. Nakuambia wewe kwa sababu tumekaa dawati moja miaka minne, na unajua jambo likinikaa kooni silisemi, naliandika.

Wewe uliingia nyumba ya malezi ya masista Nyegina kabla Fuko hajaja, kwa hiyo ngoja nikueleze. Zamani kwenye ghala letu la baridi nusu ya chumba ilikuwa mapito ya foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo. Mwezi wa pili walikuja mafundi wakayaondoa mapito, wakajenga rafu za chuma zimebanana kutoka sakafuni hadi darini. Kila njia ya rafu inabeba paleti ishirini, yaani vichanja vya mbao vyenye katoni za samaki, moja nyuma ya nyingine, na ndani yake haingii mtu wala foklifti. Foklifti inaweka paleti mdomoni mwa njia. Kisha kimashine bapa, kama meza isiyo na miguu, kinapita chini ya paleti, kinaiinua kidogo tu, kinakwenda nayo gizani peke yake. Ukibonyeza rimoti kinakuletea nyingine. Siku ya kwanza tu watu wakakiita Fuko, kama yule mnyama anayechimba chini ya ardhi. Chumba ni kilekile, lakini sasa kinameza samaki karibu mara mbili.

Kila njia ina midomo miwili. Mmoja uko upande wa mlango wa ziwani, mwingine upande wa mlango wa barabarani, na milango yote miwili inafikiwa na magari. Sheria ni kwamba samaki waingie mdomo mmoja watokee mwingine, ili waliotangulia kuingia watangulie kutoka. Fuko hawezi kuruka paleti iliyo mbele yake.

Mafundi waliacha maelezo ya Kiingereza: ingiza upande A, toa upande B. Herufi zenyewe walisema watakuja kuzipaka, hawakurudi. Bwana Luhende, meneja wa ghala, akaniambia mimi karani wa tableti niandike karatasi ya Kiswahili ibandikwe ukutani. Nikaandika kwa herufi kubwa: INGIZA MBELE, TOA NYUMA.

Dorotea, mbele ni wapi?

Zamu ya asubuhi wakaingiza kwa ziwani na kutoa kwa barabarani. Zamu ya mchana, ya Gody wa Butiama, wanaopokea malori ya samaki kutoka Bunda, wakaingiza kwa barabarani na kutoa kwa ziwani. Kwa hiyo asubuhi walikuwa wanatoa walichoingiza wa mchana, na mchana wanatoa walichoingiza wa asubuhi. Samaki wa mwezi wa pili wakabaki katikati, wamezibwa huku na huku. Tableti inajua njia ina paleti ngapi, haijui ipi imekaa wapi. Juzi walipoamua kutoa zote katika njia sita ili wazihesabu ndipo walipozikuta. Mteja hapokei samaki aliyepita miezi sita.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Mimi naingia saa tatu natoka saa kumi, kwa hiyo naziona zamu zote mbili. Mwezi wa tano niliona. Nikaenda mpaka kwa Gody na watu wake kuwaambia. Gody, anayeniita Mwalimu kwa sababu ya kuandika kwangu, akasema, "Kimya jamani, Mwalimu anasemaje?" Wote wakageuka kunitazama. Nikasema nilikuwa nasalimia tu.

Mtu mmoja amesimamishwa kazi kwa ajili hii. Ni mtu mzima na kosa lake halizidi langu. Wakubwa watakuja kutoka Mwanza kumsikiliza, na asipopata wa kumsemea atafukuzwa.

Barua hii anakuletea yule mama anayeuza mikate huko kwenu. Usimwambie mtu. Isome, halafu ichome jikoni kwenu.

Wako,
Nyangi

*

Nyegina
24 Agosti 2025

Nyangi wangu,

Nimeichoma, ila kwanza niliisoma mara nne. Hapa jikoni ni kuni na moshi, kwa hiyo hata nilipolia kidogo hakuna aliyeniuliza.

Wewe ni yuleyule. Kidato cha pili ulikaa na kiatu kilichokubana muhula mzima kwa sababu uliona haya kumwambia baba yako kwamba mguu umekua. Ukiniuliza mimi, tulia. Hukuiba, hukusema uongo. Uliambiwa uandike ukaandika. Wakikuuliza, jibu kweli. Wasipokuuliza, mzigo waubebe hao mafundi waliokimbia na rangi yao. Na huyo mtu anayelaumiwa si ana mdomo wake? Kama ni mtu mzima ajitetee. Wewe una miaka kumi na minane na kazi ya kibarua, wakikufukuza nani atakusemea?

Najua si jibu la mtu anayetaka kuwa sista. Ni jibu la rafiki yako.

Huku tunaamka saa kumi na moja. Nimepewa bustani ya mchicha na kuku wanane, na mmoja kati yao hamheshimu hata Sista Mlezi. Simu bado zimefungiwa kabatini, nami nimezoea, isipokuwa siku za mwisho wa mwezi, maana baba huniandikia na mwezi huu bado hajaandika. Mnaonana kila siku huko kazini, naomba umwambie binti yake anasubiri. Mwambie nilimwota amevaa lile koti la baridi linalomfanya aonekane gunia.

Sijamwambia mtu siri yako.

Dorotea

*

Kiriba
31 Agosti 2025

Kwa binti yangu Dorotea,

Salaam katika jina la Bwana. Mimi baba yako ni mzima, mama yako mzima, mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Usishangae kuona nimeandika kutoka Kiriba. Kazini wamenipa likizo kidogo nipumzike. Nakaa na kaka yangu tunashona nyavu za dagaa. Vidole vimesahau lakini vinakumbuka polepole. Nilikuwaga fundi kweli kabla sijaingia kwenye ghala, muulize yeyote wa hapa mwaloni kwenye mitumbwi.

Rafiki yako Nyangi alinitembelea Jumamosi. Alipanda pikipiki mpaka huku, akakaa kwenye kigoda, akaniamkia shikamoo mara tatu. Kila nikimaliza kusema marahaba naona anafungua mdomo tena, nadhani sasa atasema, anasema shikamoo. Akala ugali, akaosha vyombo vya watu wote, akaondoka. Mtoto mzuri huyo. Sijui ana nini.

Usali, usome, uwatii masista. Mambo ya huku usiyawaze.

Ni mimi baba yako,
Apolinary Mugeta

*

Nyegina
7 Septemba 2025

Nyangi,

Baba yangu hajawahi kupewa likizo mwezi wa nane, mwezi ambao mizigo ni mingi. Likizo yake ni Krismasi, na siku ya pili huwa anataka kurudi kazini.

Niliandika "huyo mtu si ana mdomo wake." Niliandika "ajitetee." Uliacha niyaandike hayo juu ya baba yangu. Ulijua ungeniambia ni nani ningekujibu kama binti yake, nawe ulitaka nikujibu kama rafiki. Naelewa kwa nini ulifanya hivyo, lakini nimeumia.

Nilikaa siku tatu bila kuandika ili nisikuandikie kwa hasira. Kuku yule mkorofi nimempiga teke, nikaenda kuungama.

Sikuambii ukaseme. Sitaki useme kwa sababu nimekulazimisha, halafu ukae unaniogopa na mimi. Nina swali moja tu. Baba aliniandikiaga mwezi wa tatu kwamba amekusaidia kuandika tangazo la ghala, alijivuna kweli. Alikuambia nini? Na alipokuwa anakuambia, alikuwa ametazama wapi?

Dorotea

*

Musoma Mjini
14 Septemba 2025

Dorotea,

Nisamehe. Sina namna nyingine ya kuanza.

Swali lako nilikwenda nalo kazini. Wakati wa chakula chumba kikiwa hakina mtu nilivaa koti nikaingia, nikasimama palepale tulipokuwa tumesimama siku ile, ukutani katikati ya milango miwili, karatasi ikiwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimemuuliza baba yako niandike nini badala ya A na B. Akasema, "Andika mbele na nyuma. Kila mtu anajua mbele."

Alikuwa anatazama ziwani. Mimi nilikuwa nimesimama nikimtazama yeye, kwa hiyo nilikuwa nimelipa ziwa mgongo, natazama barabarani kwa juu ya bega lake. Tulikuwa tunatazamana, Dorotea. Mbele yake ilikuwa nyuma yangu. Nami sikuona shida yoyote, kwa sababu kwetu kijijini Buswahili mbele ya nyumba ni pale inapopita njia na mbele ya zizi ni lango. Yeye ni mtu wa Kiriba, mbele yake ni maji. Hakuna aliyekosea, na karatasi ikawa imekosea.

Nilisimama pale mpaka kope zikashikwa na barafu. Halafu nikafikiria mwezi wa tano, nikaona kwamba hilo la mbele tungeweza kulicheka wote siku ileile kama ningefungua mdomo. Kosa langu ni lile la kusema nilikuwa nasalimia tu.

Wakubwa wa Mwanza wanakuja Alhamisi. Nimejaribu kusema mbele ya kioo, mama mdogo akaniuliza naongea na nani. Basi nitaandika, kuandika naweza. Nakala ya barua kwa Bwana Luhende nimeiweka humu ndani uione. Ya kwake nampa kesho asubuhi mkononi, ili nisipate nafasi ya kuirudisha mfukoni.

Nyangi

*

Nyangi Wambura,
Karani wa Stoo.
15 Septemba 2025

Meneja wa Ghala.

Yah: KARATASI YA KUINGIZA NA KUTOA PALETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye niliyeandika karatasi inayosema INGIZA MBELE, TOA NYUMA. Sikuandika mbele ni upande gani, kwa sababu nilidhani ni upande mmoja kwa watu wote. Zamu ya asubuhi ilielewa ziwani, zamu ya mchana ilielewa barabarani, na kila zamu ilifuata karatasi bila kuivunja. Mashine nayo ilifanya ilivyoambiwa na kila zamu.

Tarehe 20 mwezi wa tano niliona kwamba zamu zinapishana. Sikumwambia mtu. Sikuwa na sababu isipokuwa woga.

Mzee Apolinary Mugeta, kiongozi wa zamu ya asubuhi aliyehudhuria mafunzo ya mafundi, amesimamishwa kwa kosa la kutofuata utaratibu. Aliufuata utaratibu niliouandika. Naomba kosa langu lisihesabiwe kwake.

Kama kuna shaka, naomba watumishi wote waingizwe ndani ya ghala, waulizwe kwa pamoja mbele ni wapi, na kila mmoja aonyeshe kwa mkono.

Niko tayari kupokea adhabu.

Wako mtiifu,
N. Wambura

*

Kiriba
21 Septemba 2025

Binti yangu Dorotea,

Haikuwa likizo. Nilikudanganya, na wewe najua ulijua, maana una akili za bibi yako.

Alhamisi niliitwa. Nilivaa suti ya harusi ya shemeji yako nikakaa kwenye benchi nikingoja kufukuzwa. Bwana Luhende akawasomea wageni wa Mwanza barua ya Nyangi, yote, mpaka pale pa woga. Nyangi amesimama mlangoni anatazama viatu vyake. Halafu tukaambiwa tuvae makoti, tukaingizwa wote ndani, kumi na wanane, na mgeni mmoja akasema, onyesheni mbele.

Mikono tisa ilikwenda ziwani, minane ikaenda barabarani. Mmoja, dereva wa foklifti, akaonyesha foklifti yake, akasema mbele ni kule inakotazama. Yule mgeni mwenyewe alianza kucheka, na sisi tukacheka, moshi wa baridi unatutoka midomoni kama ng'ombe wa alfajiri. Gody akaniambia, "Mzee, wewe hata ukilala kichwa kinaelekea majini." Nikamwambia na yeye, mtoto wa wafugaji, mbele yake ni popote palipo na mkia wa ng'ombe. Nilikuwa sijacheka tangu waliponisimamisha.

Jumatatu narudi kazini. Mimi nimepewa karipio, Nyangi karipio, na Bwana Luhende naye nasikia amepewa lake, kwa kutokwenda kuangalia.

Sasa nikuambie la kwangu, maana huyu mtoto amenishinda kwa ujasiri na mimi ni mzee wa kanisa. Mmoja wa wale mafundi wa rafu alitufundisha siku mbili kwa Kiingereza. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Kila akiuliza kama tumeelewa, mimi kiongozi wa zamu natangulia kuitikia. Sikuelewa kitu. Nyangi aliponiuliza aandike nini, nikamwambia kila mtu anajua mbele, ili asiniulize tena. Na waliponisimamisha nilinyamaza, nikaona afadhali niitwe mzembe kuliko wajue kwamba sikuelewa.

Nilimwambia Nyangi haya yote tulipotoka nje kuota jua. Unajua alisema nini? Akasema, "Shikamoo." Nikamwambia, mwanangu, leo marahaba mara nne.

Mbuzi wamekua. Mmoja tumemwita Fuko.

Baba yako,
Apolinary Mugeta

*

Musoma Mjini
5 Oktoba 2025

Mpendwa Dorotea,

Nimepokea kadi yako, ile yenye maneno mawili tu, "Tuko sawa." Nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la nguo.

Samaki wale walipimwa na wakaguzi, wakaonekana bado wanafaa, ila yule mteja ndiye hawataki. Waliuzwa huku huku, Bunda na Butiama, na mama mdogo alinunua katoni moja na jirani. Tumekula minofu wiki nzima. Kila nikimeza namkumbuka Fuko akihangaika gizani.

Karatasi ya zamani nimeibandua mwenyewe. Mpya inasema INGIZA ZIWANI, TOA BARABARANI, na alama za pande tumezipaka kwa rangi, siyo herufi A na B. Ziwani tumechora mawimbi, barabarani tumechora tairi. Baba yako alishika kopo la rangi. Malori ya Bunda sasa yanazunguka mpaka mlango wa ziwani, na Gody analalamika kila siku kwamba Wakiriba wamempindua.

Jumatano walikuja vibarua wapya sita. Bwana Luhende akaniambia niwaeleze njia za Fuko, kwa mdomo, siyo kwa karatasi. Nilidhani anatania. Nikasimama mbele yao nikaanza, na sauti ikatoka ndogo sana ikamezwa na mafeni ya baridi. Gody alikuwa nyuma ya mashine akapaza sauti kama siku ile. "Kimya jamani, Mwalimu anasemaje?"

Wote wakageuka kunitazama. Nikasema, "Nasema kila mtu anyooshe mkono aonyeshe ziwa liko wapi." Wakanyoosha mikono yote sita upande mmoja. Gody naye akanyoosha wake. Nikawaambia samaki wanaingilia huko, na nikaendelea mpaka mwisho, na mmoja akaniuliza swali nikamjibu.

Ile siri ya mwezi wa nane nakutua, haina kazi tena. Kila mtu hapa anaijua na Gody ameigeuza utani. Lakini nina nyingine. Fundi aliyekuja kumhudumia Fuko wiki hii alimfungua tumbo nikaona ndani. Kuna betri, kuna mnyororo, kuna vijicho viwili vinavyopima umbali. Nilimuuliza maswali mpaka akaniuliza kama mimi ni mwanafunzi wake. Kesho yake nilikwenda nikachukua fomu ya chuo cha ufundi, fani ya umeme na mitambo. Nimeshaijaza na iko chini ya godoro. Ijumaa naipeleka.

Usimwambie mtu mpaka majibu yatoke. Hasa baba yako usimwambie, maana atalitangaza kanisani Kiriba kabla ya sadaka ya pili. Mwaka huu nimejifunza kusema, lakini hili nataka nilisikie mwenyewe kwanza. Itunze siri hii kama ulivyoitunza ile, na safari hii barua usiichome.

Wako,
Nyangi